Panya Juu ya Pete

Panya hasemi kama amelewa. Mtu aliyevuta bangi ataulizwa anajisikiaje na atajibu, hata kama jibu lenyewe ni kicheko. Panya mweupe wa maabara ana mwili wake tu, na huo ndio watafiti wanaousoma.

Mwaka 1972 Mwingereza Roger Pertwee alieleza njia rahisi mno ya kuusoma. Pete ya waya yenye kipenyo cha sentimita 5.5 husimamishwa juu ya kiguzo, panya akawekwa juu yake, muda ukahesabiwa dakika 5. Panya wa kawaida hatulii hapo. Atanusa, atachungulia chini, na asipozuiwa ataruka. Aliyedungwa THC, kemikali ya bangi inayolevya, huganda: miguu ya mbele ukingo huu, ya nyuma ukingo ule, hata masharubu hayachezi. Anapumua tu. Kinachoandikwa daftarini ni sehemu ya muda aliokaa vile bila kutikisika.

Baadaye Billy Martin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, Marekani, waliunganisha dalili nne: panya hupunguza kutembea, hupoa mwili, huganda, na huchelewa kuuondoa mkia unapochomwa na mwanga mkali. Dalili moja peke yake si ushahidi. Mofini nayo hutuliza maumivu, na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, nayo hugandisha. Hata zote nne zikitokea pamoja, mtafiti makini bado ana shaka, kwa sababu zipo dawa nyingine zinazoweza kuziiga. Ndiyo maana rimonabanti, iliyotangazwa mwaka 1994, ilileta ahueni kubwa. Dawa hiyo huziba vipokezi vya CB1 kwenye ubongo, yaani mlango ambao THC hupitia. Panya akipewa rimonabanti kwanza na dalili zisitokee, mhusika amejulikana.

CBD, ndugu wa THC kutoka mmea uleule, ni habari nyingine kabisa. Haimgandishi panya. Mwaka 1990 Francisco Guimarães na wenzake nchini Brazili waliwapa panya wakubwa CBD, kisha wakawaweka kwenye jukwaa la juu lenye umbo la msalaba: njia mbili zina kuta, mbili ziko wazi. Panya mwenye hofu hujibanza kwenye kuta. Waliopewa miligramu 2.5, 5 au 10 kwa kila kilo ya uzito walithubutu kutoka kwenda njia za wazi. Waliopewa 20 walibaki na hofu yao ileile, kana kwamba hawakupewa kitu.

Matokeo hayo yanawasumbua wauzaji wa CBD kuliko wanasayansi, maana muuzaji hupenda kipimo kikubwa kiwe bora zaidi. Basi ukikutana na tangazo la mafuta ya CBD linalosema “imethibitishwa kisayansi”, uliza mambo mawili: kipimo gani, na kwa mnyama yupi?