Malaria: Usiache dozi njiani

JE, msomaji, umewahi kumeza tembe za malaria kwa siku moja tu, na ulipoona homa imeshuka ukazihifadhi zilizosalia kabatini, ukisema zitamfaa mwingine atakapougua? Kama ndivyo, hauko peke yako. Lakini ni vyema ufahamu kuwa mazoea hayo ni hatari kwako na kwa jirani yako. Nchi yetu imekwisha kupoteza dawa mbili zilizokuwa tegemeo la kutibu malaria. Ya tatu ndiyo tunayoitumia sasa.

Wengi wetu husema kuwa mwili "umeizoea" dawa. Sivyo. Anayekuwa sugu si mgonjwa, bali ni vijidudu vilivyo katika damu yake. Ndiyo maana hata mtoto ambaye hajawahi kumeza dawa yoyote aweza kuambukizwa malaria sugu.

Dawa yaua vipi?

Vijidudu vya malaria huingia mwilini mbu jike wa aina ya anofelesi anapokuuma. Hupitia kwenye ini, kisha huvamia chembe nyekundu za damu na kuila himoglobini iliyomo. Mlo huo huacha mabaki yenye chuma ambayo ni sumu kwa kijidudu chenyewe, hivyo hulazimika kuyagandisha ili yasikidhuru. Klorokwini huzuia kugandishwa huko, na kijidudu hufa kwa sumu ya chakula chake.

Dawa hiyo ilitengenezwa mwaka 1934 na mwanakemia Mjerumani, Hans Andersag. Kabla yake, tegemeo lilikuwa kwinini, ambayo Wafaransa Pelletier na Caventou waliitoa katika magamba ya mti wa sinkona mwaka 1820. Klorokwini ilikuwa na bei nafuu, na kwa miaka mingi iliuzwa hata katika maduka ya rejareja vijijini.

Usugu watoka wapi?

Mgonjwa mmoja aweza kuwa na mabilioni ya vijidudu. Vinapozaana, mara chache hutokea kimoja chenye mabadiliko katika maumbile yake. Kwa klorokwini, badiliko lililoleta balaa lilikiwezesha kijidudu kuitoa dawa nje ya kifuko kinamosagiwa chakula. Dawa iliua wenzake, chenyewe kikabaki, kikazaana, na mbu wakakisambaza. Kwa maneno mengine, dawa haikuumba usugu. Iliwaondolea wale sugu washindani wao. Aidha, dozi iliyopungua hurahisisha mambo, kwa kuwa huua vijidudu dhaifu tu.

Usugu huo ulionekana Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1998 Kenya iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, ikachukua SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Haikudumu. Kufikia mwaka 2004 serikali iliamua kuibadilisha pia, na mwaka 2006 dawa mpya ya mseto, AL, ambayo wengi huiita Coartem, ikaanza kutolewa katika vituo vya afya. SP sasa hupewa akina mama waja wazito kama kinga katika sehemu zenye malaria nyingi.

La kutia moyo latoka Malawi. Nchi hiyo iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa karibu watoto wote waliopewa dawa hiyo huko walipona. Vijidudu sugu vilikuwa vimefifia kwa kukosa dawa ya kuvipa nafasi. Laiti usugu ungeondoka upesi hivyo kila mahali!

Mmea wa Uchina

Sehemu moja ya AL hutokana na atemisinini, dawa ya mmea wa jamii ya pakanga. Mtafiti Tu Youyou wa Uchina alisoma katika kitabu cha kale kuwa mmea huo huloweshwa kwenye maji na kukamuliwa. Akang'amua kuwa huenda joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Alipotumia etha, isiyohitaji moto mkali, mwaka 1971 alipata dawa iliyoua vijidudu vyote katika panya na nyani. Yeye na wenzake waliimeza wao kwanza kuhakikisha ni salama. Mwaka 2015 alishiriki Tuzo ya Nobel.

Dawa hiyo huua upesi sana, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Kwa hiyo huchanganywa na lumefantrini, ambayo hukaa siku kadhaa ikimaliza mabaki. Ukiacha dozi siku ya kwanza, homa itakuwa imepungua, lakini vijidudu vilivyosalia vitakutana na dawa kidogo isiyotosha kuviua.

Hatari haiko mbali. Vijidudu vinavyochelewa kufa kwa atemisinini viligunduliwa Cambodia kabla ya mwaka 2010, na baadaye Rwanda na Uganda, katika ripoti za mwaka 2020 na 2021. Mbu hawaulizwi pasipoti mpakani.

Ufanye nini?

Kwanza, pimwa damu kabla ya kumeza dawa. Si kila homa ni malaria, hasa ukiwa Nairobi na hujasafiri kwenda Pwani, eneo la Ziwa Victoria au kwingineko kwenye malaria.

Pili, maliza dozi. Mtu mzima humeza tembe nne mara sita katika siku tatu: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Meza pamoja na chakula au maziwa, kwani mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Ukitapika katika nusu saa, rudia kipimo hicho na umwarifu muuguzi.

Tatu, nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa, na usikubali kuuziwa tembe chache kulingana na pesa ulizo nazo.

Nne, mgonjwa akipatwa na degedege, akipoteza fahamu, akitapika kila kitu au akishindwa kukaa, mpeleke hospitali mara moja. Huyo anahitaji sindano, si tembe.

Na zile zilizobaki kabatini? Zirudishe kwa mwuza dawa. Usimpe mtoto wa jirani.