Mtoto akiombwa kuingia katika utafiti wa dawa ya malaria: Uliza, elewa, kisha timiza ahadi



Yapo maswali mawili ambayo sisi matabibu huulizwa na wazazi kila wanapoombwa watoto wao washiriki katika utafiti. La kwanza: "Daktari, mwanangu anafanyiwa majaribio?" La pili: "Hiyo damu mnaipeleka wapi?" Maswali haya ni ya haki, na mwenye kuuliza hastahili kufokewa wala kuitwa mjinga. Tuyajibu leo kwa kuangalia utafiti mmoja unaofanyika katika zahanati na vituo vya afya vya kwetu, nao ni ule wa kupima kama dawa ya malaria bado inatibu.

Dawa inayotumika ipimwe tena kwa nini?

Wengi wetu tunaikumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake. Ilitutibu miaka mingi, kisha vimelea vikaizoea. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa katika nafasi ya dawa ya kwanza ikaiweka SP. Nayo SP haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kutumika dawa mseto, ALu. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kubahatisha. Yalitokana na wagonjwa, wengi wao watoto wadogo, waliofuatiliwa baada ya kumeza dawa hadi ikajulikana ni wangapi hawakupona.

Kazi hiyo ingali inaendelea. Hufanywa na Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria pamoja na watafiti, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO. Yombo huko Bagamoyo, Mkuzi wilayani Muheza, Ujiji mkoani Kigoma na Mlimba katika bonde la Kilombero ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kutumika.

Utaratibu wenyewe

Anayechukuliwa ni mgonjwa mwenye malaria ya kawaida. Mwenye malaria kali haingizwi, bali hupewa matibabu yake mara moja. Mtoto hupewa dawa mseto dozi sita kwa siku tatu, na mhudumu humshuhudia akimeza. Akitapika mara tu baada ya kumeza, hupewa tena. Siku ya kwanza ya dawa huhesabiwa sifuri, kisha hurudi siku ya 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28, na siku yoyote nyingine akiugua.

Kila anaporudi hupimwa joto, huchomwa kidole, na damu huwekwa kwenye kioo cha darubini. Matone machache huwekwa kwenye karatasi maalumu yakaushwe. Hilo ndilo jibu la swali la damu. Vimelea vikionekana tena, maabara hulinganisha karatasi ya siku ya kwanza na hii ya sasa. Kama ni vimelea vilevile, dawa imeshindwa. Kama ni vingine, mtoto ameumwa na mbu mpya.

Ama swali la majaribio, hapa dawa ni ileile anayopewa kila mgonjwa wa malaria ya kawaida. Lakini tahadhari: zipo tafiti nyingine ambazo dawa au chanjo yenyewe ndiyo mpya. Huko maswali yako yawe mengi zaidi, usitosheke na jibu hili.

Haki zako

Hofu ya wazazi haikuzuka hewani. Mwaka 1996 mjini Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake kwa watoto. Familia zililalamika kwamba hazikuelezwa. Kampuni ilikanusha, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri lake na jimbo la Kano. Kwa hiyo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, hakikisha haya:

1. Umeelezwa kwa lugha unayoielewa. Usiyejua kusoma, usomewe mbele ya shahidi asiye mtafiti, ndipo uweke dole gumba.

2. Unajua dawa ni ipi, madhara yake, damu itachukuliwa kiasi gani na itakwenda wapi.

3. Utafiti una kibali cha kamati ya maadili. Kwa Tanzania Bara muulize mtafiti kibali cha NIMR.

4. Unaweza kukataa, au kujitoa katikati, na mtoto akaendelea kutibiwa kama wengine. Anayekwambia kwamba ukikataa hutapata dawa, huyo amevunja utaratibu.

5. Nakala ya fomu na namba ya simu ya kuuliza unabaki nazo wewe.

Siku ya 28

Tatizo tunaloliona ni hili: siku ya tatu mtoto anacheza, mama anaona yamekwisha, harudi tena. Kumbe vimelea vinaweza kubaki vichache mno na kuzaliana tena wiki ya tatu au ya nne. Mwaka 2022 utafiti wa namna hii huko Karagwe, mkoani Kagera, ulionyesha vimelea vilivyochelewa kutoka damuni ingawa mtoto amemeza dawa. Dawa mseto bado iliwaponya walio wengi, lakini onyo limepatikana mapema. Lilipatikana kwa sababu wazazi waliwarudisha watoto wao. Wasingerudi, tungelijua pale ambapo dawa imekwisha kushindwa wodini.

Basi kama una safari ya Idi kwenda kwa wazee, au kazi za shamba hazikuruhusu, sema kabla ya kutia saini. Kukataa si kosa. Lakini ukishakubali, ahadi ni deni, na deni hili ni kwa ajili ya mtoto wako na wa jirani yako.