Alizeti ya Singida: Mafuta Yaende Sokoni, Rutuba Irudi Shambani

Mkoa wa Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha alizeti nchini. Mbegu zikishakamuliwa, mafuta hupelekwa sokoni na mashudu hubaki. Mashudu hayo ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi ambayo mmea uliichota ardhini. Mafuta yenyewe karibu hayana virutubisho hivyo.

Kwa sababu hiyo, rutuba inaweza kubaki mkoani iwapo mashudu yatalishwa kuku na ng'ombe wa Singida, na samadi yao ikarudishwa shambani. Huo ndio mfumo wa chakula wa mzunguko: mabaki ya hatua moja huwa malighafi ya hatua inayofuata. Samadi ikiachwa zizini, mzunguko hukatika na udongo huchoka.

Hasara hiyo ni nzito katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kwani mavuno yakipungua hakuna vuli ya kufidia. Udongo wenye samadi huhifadhi unyevu kwa muda mrefu zaidi mvua inapokatika.

Mzunguko huo hupunguza pia gesijoto. Samadi mbichi iliyorundikwa bila kupata hewa huzalisha methani, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 28 zaidi ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100. Ikichanganywa na mabua makavu na kugeuzwa mara kwa mara, huwa mboji, na methani hupungua. Aidha, mkulima hupunguza mahitaji ya mbolea ya viwandani, ambayo utengenezaji wake hutumia nishati nyingi.