Mizizi ya Mizabibu Isafishwe Kitaluni: Namna ya Kuzuia Wadudu Bila ya Kuhatarisha Wanachama

Mvua zinapokaribia katika uwanda wa kati, miche ya mizabibu hutolewa vitaluni na kupelekwa mashambani. Hupita barabara za Chang'ombe na kata nyingine za Jiji la Dodoma ikielekea Mpunguzi, Hombolo, Mvumi na Chinangali. Mnunuzi huangalia majani. Akiyaona ni ya kijani na yamenawiri, hulipa na kuondoka. Ni wachache wanaopasua kiriba na kuitazama mizizi, ingawa ni kwa mizizi hiyo na udongo wake kwamba maadui wengi wa mzabibu husafiri kutoka kitalu hadi shamba.

Makala haya yanaeleza namna ya kuisafisha mizizi wakati miche inapohamishwa. Yanaeleza pia kwa nini desturi ya kutumbukiza mizizi katika dawa kali ni hatari kwa mwanachama, na kwa nini mara nyingi haimpi faida anayoitarajia.

1. KWA NINI MZABIBU UANGALIWE ZAIDI

Mkulima wa mtama au uwele hupanda kila mwaka. Akiona shamba limeingiliwa, anaweza kubadili zao msimu unaofuata. Mzabibu sivyo. Ukishapandwa hukaa mahali pamoja miaka mingi, na hapa Dodoma huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Nguzo, waya, samadi na jasho la kuchimba mahandaki vyote vimewekwa chini ya mmea huo mmoja. Adui aliyeingia na mche siku ya kwanza atakula pamoja na mwenye shamba muda wote huo.

Historia ya dunia inalo fundisho kubwa juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya Ufaransa ilianza kufa kwa sababu ya mdudu mdogo wa mizizi aitwaye filoksera, aliyefika Ulaya pamoja na miche kutoka Marekani. Wakulima walidunga ardhi na kutia dawa kali ya salfaidi ya kaboni, kwa gharama kubwa na kwa hatari. Hatimaye mashamba hayakuokolewa na dawa, bali yalipandwa upya kwa kuunganisha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Taifa zima lilijenga ukuta kwa sababu ufa haukuzibwa mapema.

2. MAADUI WA MIZIZI

Wako wa aina tatu ambao mwanachama anapaswa kuwafahamu.

(a) Minyoo fundo. Hawa hawaonekani kwa macho. Huingia ndani ya mzizi na kuufanya uvimbe vinundu. Mzabibu ulioshambuliwa hunyauka mchana hata kama umemwagiliwa, na hudumaa. Vinundu hivi visichanganywe na vile vya mizizi ya maharage au kunde, ambavyo vimeshikilia ubavuni, hubanduka kwa ukucha, na huurutubisha udongo. Kinundu cha minyoo hakibanduki, kwa kuwa ni mzizi wenyewe uliovimba.

(b) Wadudu weupe wa unga. Hufanana na punje ndogo zilizopakwa unga, nao hunyonya utomvu wa mizizi na shina. Mara nyingi dalili ya kwanza ni sisimizi wanaopanda na kushuka katika mche, kwani hufuata maji matamu yatolewayo na wadudu hao.

(c) Mchwa. Huyu kwa kawaida huukuta mche shambani. Hupenda zaidi mche uliodhoofika kwa kiu, samadi mbichi, na mabua makavu yaliyoegemezwa kwenye shina.

3. KUSAFISHA BILA YA SUMU

Kazi yenye manufaa zaidi hufanywa kabla mzizi haujaota.

Kwanza, udongo wa viriba. Usichukuliwe mahali palipolimwa nyanya, bilinganya au bamia, kwani mazao hayo huwalea minyoo fundo. Baada ya kuchekechwa, utandazwe juu ya sakafu ngumu kwa kina kisichozidi sentimeta 15, umwagiliwe mpaka uwe na unyevunyevu, kisha ufunikwe kwa karatasi ya plastiki inayopenyeza mwanga, na kingo zake zifukiwe ili joto lisitoke. Uachwe juani kwa wiki 4 hadi 6. Plastiki nyeusi haifai sana kwa kazi hii, kwa sababu hujipasha joto yenyewe badala ya kulipitisha kwenye udongo. Jua la Dodoma katika miezi ya kiangazi ni dawa isiyonunuliwa. Minyoo wengi, mayai ya wadudu na mbegu za magugu hufa kwa joto hilo.

Pili, pingili za kupandwa. Zikatwe kutoka kwenye mizabibu yenye afya inayojulikana. Katika nchi nyingi zinazolima zabibu, pingili zilizokomaa na zisizo na majani hutumbukizwa katika maji ya nyuzi joto 50 za Selsiasi kwa dakika 30, kisha hupozwa katika maji safi. Joto hilo huwaua wadudu wengi waliojificha ndani ya magamba. Kipimajoto ni lazima. Maji yakipungua joto, wadudu hupona. Yakizidi, macho ya pingili hufa. Pipa liwe kubwa na pingili ziwe chache kwa kila awamu, maana mzigo wa pingili baridi huyapoza maji mara moja. Kitalu kinachoanza njia hii kijaribu pingili 10 tu, kingoje zichipue, ndipo kiendelee na nyingine. Mche wenye majani usitiwe kamwe katika maji hayo, utaungua.

Tatu, siku ya kuhamisha. Kabla ya kununua shehena, kiribatio kidogo cha miche kichaguliwe ovyoovyo, tuseme miche 10 katika kila 200, na viriba vyake vipasuliwe. Mizizi ioshwe taratibu katika ndoo ya maji safi, chini ya kivuli, na itazamwe. Miche iliyokaguliwa ifungwe tena katika udongo wenye unyevu na ipandwe jioni ile ile, kwani mzizi ulioachwa wazi kwenye upepo wa Dodoma hukauka kwa dakika chache. Ikiwa vinundu vimeonekana, shehena yote ikataliwe. Mche wenye vinundu hauponi kwa kuchovywa katika dawa, kwa sababu mnyoo yumo ndani ya nyama ya mzizi, na dawa hubaki nje. Uchomwe moto, usitupwe kwenye bustani ya mboga.

Nne, shambani. Samadi itumiwe ikiwa imeoza kabisa. Matawi makavu na mabua yaondolewe karibu na mashina, kichuguu kilicho jirani kichimbuliwe mpaka malkia apatikane, na mche umwagiliwe kwa wakati. Majani ya mwarobaini, mti uliozagaa Dodoma, yaliyopondwa na kuchanganywa na udongo yanaweza kupunguza wadudu, ingawa hayawamalizi. Oili chafu ya magari isimwagwe kwenye mashimo. Huichafua ardhi na kuidhuru mizizi ile ile inayotakiwa kulindwa.

4. HATARI YA KUCHOVYA MIZIZI KATIKA DAWA

Ipo desturi ya kukoroga dawa katika beseni la nyumbani, kuchovya mizizi kwa mikono mitupu, na kupanda. Mara nyingi kazi hiyo hupewa akina mama na vijana. Mwenye kuifanya hudhani kwamba kwa kuwa hakuionja dawa, hakupata madhara. Hapo ndipo anapokosea. Dawa nyingi za kuulia wadudu hupenya katika ngozi, hasa ngozi iliyolowa jasho au yenye mikwaruzo, na mikono ya mchimba mashimo haikosi mikwaruzo.

Dawa za kale za mchwa, kama aldrini na dieldrini, zilikuwa zikitiwa mashimoni katika nchi nyingi. Hizi hukaa udongoni miaka mingi na kujikusanya katika mafuta ya mwili wa mwanadamu na mnyama. Ziliwekwa katika orodha ya kupigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Pakiti kuukuu iliyosahauliwa kwenye ghala la chama si akiba; ni mzigo wa hatari. Kisa cha Vikuge, wilayani Kibaha, kinatosha kuwa onyo. Mwaka 1986 zilipokewa huko dawa za msaada, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake, zikawekwa katika banda la wazi. Banda lilianguka, dawa zikaingia ardhini, na watafiti waliofika baadaye walikuta mabaki yake katika udongo.

Chenga za kabofurani, ambazo huonekana kama njia rahisi ya kuua minyoo na wadudu wa udongo, ni sumu kali kwa watu, mifugo na ndege. Nchini Kenya sumu hiyo ilitumiwa vibaya kutegea simba na ndege, hata mtengenezaji wake akaiondoa sokoni huko mwaka 2009. Mwaka 2017 kabofurani iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaodhibiti biashara ya kemikali za hatari baina ya mataifa. Chenga kama hizo zikiachwa wazi shambani, kuku huzidonoa, na mtoto huziokota.

Ikiwa mtaalamu ameshauri dawa itumike, iwe ile tu iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kwa zao hilo na kwa mdudu huyo. Lebo isomwe kabla ya kifuniko kufunguliwa. Utepe wa rangi ulio chini ya lebo hueleza ukali: nyekundu ni sumu kali kabisa, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, na mwisho kijani. Mtumiaji avae glovu za mpira, mabuti na nguo za mikono mirefu, na achanganye kwa kijiti mahali penye hewa. Asile wala kuvuta sigara kabla ya kuoga kwa sabuni. Chombo kitupu kisuuzwe mara tatu, kitobolewe, na kisitiwe maji, mafuta wala pombe.

Mtu akitokwa na mate au jasho jingi, akitapika, akitetemeka au akipumua kwa shida baada ya kushika dawa, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na apelekwe hospitali mara moja pamoja na lebo ya dawa. Maziwa si tiba yake, na asilazimishwe kutapika. Lebo ndiyo itakayomwongoza mganga kuchagua dawa ya kumwokoa.

5. WAJIBU WA CHAMA NA KATIBU

Mkulima mmoja hawezi kumiliki kipimajoto, pipa kubwa na karatasi za plastiki, lakini chama kinaweza. Hapo ndipo thamani ya ushirika inapoonekana. Katibu wa chama anashauriwa:

(i) kufungua daftari la miche, linaloonyesha kila shehena ilitoka kitalu gani, ilikaguliwa lini, na ilipelekwa kwa mwanachama yupi, ili ugonjwa ukitokea chanzo kijulikane;

(ii) kuhesabu dawa zote zilizomo ghalani, kuzifungia mbali na chakula na mbegu, na kuandikia ofisi ya kilimo juu ya zile zilizopitwa na wakati, bila ya kuzimwaga wala kuzifukia;

(iii) kuweka siku ya maonyesho kabla ya mvua, ambapo mche mzima na mche wenye vinundu vitapasuliwa mbele ya wanachama;

(iv) kupeleka mizizi yenye mashaka katika kituo cha TARI Makutupora, chenye wataalamu wa zao la zabibu, badala ya kubahatisha dawa dukani.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi; zinahitaji utaratibu na macho. Miche 10 iliyopasuliwa kwa ukaguzi ni hasara ya asubuhi moja, na shamba lililopandwa miche yenye vinundu ni hasara ya miaka. Mkono uliochovya sumu bila ya glovu, nao, haurudishwi na mavuno ya msimu wowote.