Sentimita Kumi Ukutani

Usiku barabarani, dereva anayepigwa mwanga machoni humlaumu mwenzake kwamba hajadimu. Mara nyingi amedimu. Taa zake ndizo zimekaa vibaya tangu siku bampa ilipofunguliwa, au tangu fundi alipobadilisha taa iliyovunjika, akakaza bolti, akawasha kuona kama inawaka, akapokea hela yake. Kuwaka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuilenga, na haihitaji mashine: ukuta, futi ya kupimia, chaki na bisibisi vinatosha.

Ndani ya taa kuna kioo kilichopinda kama bakuli, na umbo lake hufanya mwanga unaotoka kwenye kitovu chake uende mbele ukiwa umenyooka. Globu ya H4, iliyoenea sana kwenye saluni na pikapu za zamani, ina nyuzi mbili. Wa fulu umekaa kwenye kitovu. Wa dimu umesogezwa mbele kidogo, na chini yake kuna kibati kinachozuia mwanga ambao ungegonga nusu ya chini ya kioo ukarushwa juu. Hapo ndipo unapopatikana mstari tunaouona ukutani: chini mwanga, juu giza.

Kibati hicho kimekatwa upande mmoja kwa digrii 15, ili mwanga upande kidogo pembeni mwa barabara na kuonyesha waenda kwa miguu na alama. Kwa Kenya, Tanzania na Uganda pembeni huko ni kushoto, sawa na Japani zinakotoka gari zetu nyingi. Burundi na Congo huendesha kulia. Gari la Japani likifika Bujumbura au Bukavu na taa zake za asili, sehemu ile iliyoinuliwa humwelekea dereva anayekuja. Hakuna skrubu ya kuliponya hilo. Zinahitajika taa zilizotengenezwa kwa barabara za kulia.

Kipimo kinachofaa kwa gari dogo ni kushuka asilimia moja, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini itamulika hadi mita 65. Ukiinamisha kwa asilimia mbili, itaishia kama mita 32, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa umbali huo unaisha kwa sekunde moja na nusu, kabla mguu haujakanyaga breki sawasawa. Ukiinua digrii moja tu, mwanga uliokuwa ukishuka sasa unapanda. Mita 60 mbele mpaka wake uko mita 1.1 juu, karibu kabisa na macho ya dereva wa saluni.

Ukitaka kutoa taa, tenganisha kwanza waya hasi wa betri. Kwenye gari nyingi lazima bampa ilegezwe, kwa sababu bolti moja hujificha nyuma yake. Bonyeza kishikizo cha soketi, usivute waya. Kioo cha globu ya halojeni usikiguse kwa vidole: mafuta ya ngozi huleta joto kali mahali pamoja, nayo globu hufa mapema. Wakati wa kurudisha, angalia masikio ya plastiki yanayoshikilia taa. Sikio likivunjika taa hutikisika, na hakuna kulenga kutakakodumu.

Kulenga kufanyike mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo wa kutosha na mtu akiwa kwenye kiti cha dereva. Kama gari lina kirekebishi cha taa kwenye dashibodi, kiweke sifuri. Sogeza gari hadi ukutani, weka alama mkabala na katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma mita 10. Chora mstari sentimita 10 chini ya alama. Washa dimu, ziba taa moja kwa kusimamisha boksi mbele yake, zungusha skrubu ya nyingine mpaka sehemu iliyolala ya mwanga ikae juu ya mstari huo. Nafasi ikiwa ndogo, tumia mita 5 na sentimita 5.

Globu za LED zinazouzwa kuchomekwa mahali pa H4 sizipendekezi. Bakuli lile lilipigiwa hesabu ya uzi mwembamba uliokaa mahali maalumu; chanzo kikibadilika umbo, mwanga hutawanyika hata baada ya kulenga. Anayetaka kuona zaidi aanze kusugua plastiki ya taa iliyopauka kwa msasa laini na maji, kisha aipake kinga ya jua, maana jua ndilo lililoipausha.