Kwa nini Eldoret inazidi kujaa watu

IDADI ya watu katika Kaunti ya Uasin Gishu, ambayo makao yake makuu ni Eldoret, ilipanda kutoka 894,179 katika sensa ya 2009 hadi 1,163,186 mwaka wa 2019. Hilo ni ongezeko la asilimia 30, ilhali taifa zima liliongezeka kwa asilimia 23.

Idadi ya watu hubadilika kwa njia tatu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Kiwango cha kuzaliwa ni idadi ya watoto wanaozaliwa kwa mwaka kwa kila watu 1,000; kiwango cha vifo huhesabiwa vivyo hivyo. Tofauti ya viwango hivyo viwili ndiyo ongezeko la asili.

Nchini Kenya, wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka kutoka 4.9 mwaka wa 2003 hadi 3.4 mwaka wa 2022. Hata hivyo, idadi ya watu yaongezeka kwa kuwa vijana wanaofikia umri wa kuzaa ni wengi.

Eldoret huvutia pia wageni kupitia Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa, viwanda na biashara. Lakini si kila anayehama hupenda: ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilifurusha maelfu ya wakazi, wengi wakipiga kambi katika uwanja wa maonyesho mjini humo.

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024. Mtoto anayezaliwa leo atahitaji darasa baada ya miaka kadhaa. Mhamiaji huhitaji maji, nyumba na kazi siku anayowasili. Mipango inayohesabu wanaozaliwa pekee haiwezi kutosha.