Mjue Ndege Kabla ya Kumtupia Jiwe

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, ua wa mkulima wa nyanda za juu za Kenya hupata wageni. Wengine hushuka penye jaa, wengine hutua juu ya seng'enge, na wengine huingia katika maua ya mgomba. Wageni hao ni ndege wa rangi za kupendeza. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi hupokewa kwa manati za watoto, kwa kuwa mwenye shamba hudhani kila ndege ni mwizi wa nafaka. Dhana hiyo si ya kweli, nayo humtia mkulima hasara asiyoiona.

Kenya ina aina za ndege zaidi ya 1,000, lakini wanaozoea kufika uani ni wachache, nao hutambulikana upesi na mtu mwenye subira. Yafaa atazame kwanza mdomo, kisha rangi na mahali ilipo, kisha jicho, na mwisho kazi anayoifanya ndege huyo. Mdomo mfupi na mnene ni wa kuvunja punje. Mdomo mrefu na mwembamba ni wa kufyonza asali ya maua au kuchokoa wadudu.

Tuwatazame kwezi wawili wanaofanana sana. Wote wana mgongo wa buluu unaong'aa na tumbo la rangi ya kutu. Mmoja ana mstari mweupe kifuani, na jicho lake ni jeupe. Mwenzake hana mstari, na jicho lake ni jekundu. Wote wawili hupenda matunda, lakini hutembea chini pia wakiokota wadudu.

Chozi ni mdogo kuliko shomoro. Wako wa aina nyingi. Mmoja aonekanaye sana, dume lake lina kichwa cha kijani ya kumetameta na tumbo la manjano, hali jike ni la rangi hafifu, hata watu hudhani ni ndege wa aina nyingine. Anapofyonza ua huchukua unga wa maua na kuupeleka kwa ua jingine, na kwa njia hiyo husaidia mimea kuzaa. Makinda yake huyalisha wadudu na buibui.

Hudihudi hujulikana kwa rangi yake ya matofali, mabawa yenye mistari myeusi na myeupe, na kishungi anachokikunjua kama upepo wa mkono. Mdomo wake mrefu huchokoa mabuu yaliyojificha udongoni. Keremkerem naye ana mgongo wa kijani, koo la manjano na kifua cha rangi ya mdalasini. Mwenye mizinga ana haki ya kumnung'unikia, maana hukamata nyuki na kuwapigapiga juu ya tawi mpaka mwiba utoke. Lakini hula pia wadudu wengine warukao.

Adui wa kweli ni kwelea, ambaye huingia mashamba ya ngano, mpunga na mtama kwa makundi ya maelfu. Mwili wake ni wa kahawia na mdomo wake, kwa kawaida, ni mwekundu. Hata hivyo mdomo mwekundu peke yake si ushahidi wa kutosha. Yuko ndege mdogo mwenye mdomo kama huo, na mstari mwekundu unaopita machoni, ambaye chakula chake hasa ni mbegu za majani. Fumbwe dume pia ana mdomo mwekundu. Wakati wa kuzaa huvaa nyeusi na nyeupe, na mkia mrefu kupita mwili wake, kisha mkia humtoka akawa wa kahawia kama shomoro. Asiyejua husema amehama.

Basi mkulima na akae uani asubuhi, pamoja na mwanawe aliye shuleni, wakiwa na daftari na kalamu. Waandike tarehe, umbo la mdomo, rangi, na chakula alichookota kila ndege. Kabla mwezi haujaisha watajua ni yupi wa kufukuzwa mtamani na ni yupi wa kuachwa afanye kazi yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wa wageni hawa huja na dawa ya shamba, wala hawadai mshahara.